Fahamu: Jinsi mnyoo mpya wa kina kirefu anavyopata jina

Pectinereis strickrotti ni mnyoo wa baharini wa yapata sentimita 10, mwenye vipezi vya kuogelea vilivyojipanga ubavuni pamoja na mashavu ya kupumulia. Makazi yake ni giza totoro, mita 1,000 hivi chini ya maji nje ya pwani ya Kosta Rika, ambako methani huvuja kutoka sakafuni mwa bahari. Rubani wa nyambizi ya Marekani iitwayo Alvin, Bruce Strickrott, alimwona mwaka 2009, lakini mnyoo huyo hakunaswa hadi 2018, tena kwa kufyonzwa na bomba.

Maelezo rasmi ya Greg Rouse wa taasisi ya Scripps, California, na wenzake yalitoka Machi 2024. Miaka iliyopita tangu mnyoo anaswe haikutokana na uzembe. Taya na vinywele hukaguliwa kwa darubini, mnyoo hulinganishwa na jamaa zake, DNA husomwa, na kielelezo kimoja huhifadhiwa ili mwenye shaka akakikague. Jina huwa na sehemu mbili: ya kwanza ni jenasi, nayo hapa ni mpya pia, ya pili inamuenzi rubani.