Bisi za Mkesha wa Watakatifu Wote: Namna ya Kuwaandalia Watoto Karamu Nyumbani



Kila ifikapo mwisho wa mwezi Oktoba, wazazi wengi huuliza swali lilelile: watoto wameona kwenye simu, kwenye katuni, au wamesikia kwa wenzao shuleni habari za sherehe iitwayo Halloween, nao wanataka vinyago, maboga yenye meno na peremende. Je, tuwaruhusu au tuwakataze? Makala hii inajaribu kujibu swali hilo kwa njia ya jikoni. Mtoto aliyenyimwa sherehe bila kupewa nyingine hubaki na hamu na manung'uniko tu. Mtoto aliyeandaliwa karamu nyumbani, akaelezwa sababu yake, huondoka na imani. Karamu yenyewe ni ya bisi, na gharama yake ni ndogo.

Jina lenyewe ni letu

Halloween ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya mkesha wa Watakatifu Wote. Mnamo mwaka 609 Papa Bonifasi IV aliliweka wakfu hekalu la kale la Roma, Panteoni, kwa heshima ya Bikira Maria na mashahidi wote. Katika karne ya 8 Papa Gregori III alitenga kikanisa katika Basilika la Mtakatifu Petro kwa heshima ya watakatifu wote, na katika karne ya 9 Papa Gregori IV akaieneza sherehe ya tarehe 1 Novemba. Mwishoni mwa karne ya 10, Mtakatifu Odilo, Abate wa Cluny huko Ufaransa, aliagiza monasteri zake ziwaombee marehemu wote siku inayofuata, tarehe 2 Novemba. Hivyo siku hizo mbili zikashikana: leo tunawashangilia waliofika, kesho tunawaombea walio njiani.

Vinyago na maboga vilitoka kwingine. Watu wa Ireland na Uskoti walikuwa na desturi zao za kale za kufunga msimu wa mavuno na kuingia majira ya baridi. Wahamiaji wa Ireland walizivusha bahari katika karne ya 19 hadi Marekani, na huko, mahali pa mizizi ya shamba waliyozoea kuchonga kwao, wakapata maboga. Baadaye wafanyabiashara waliongeza mifupa, damu na mazimwi, na jina la watakatifu likabaki kama mtungi uliomwagwa maji yake. Mtoto aliyevaa kinyago cha boga hajatenda dhambi ya mauti, wala hatupaswi kumtisha. Tunachopaswa kufanya ni kuujaza mtungi upya.

Kwa nini kwetu huu si mchezo tu

Kuna sababu mbili zinazotuhusu sisi watu wa Kilimanjaro kwa namna ya pekee.

Ya kwanza ni kihamba. Katika miji mikubwa ya ng'ambo makaburi yako mbali na nyumba, hivyo ni rahisi kuyageuza kuwa mchezo wa kutishana. Lakini Kibosho, Kilema, Uru au Rombo, kaburi la babu lipo hatua chache kutoka jikoni, kati ya migomba na mibuni, na pembeni yake yameota masale. Mtoto hupita hapo kila asubuhi akienda kukata majani ya ng'ombe. Tukimfundisha kwamba walio kaburini hutoka usiku kuwatisha watu, tumemfundisha kumwogopa bibi yake aliyembeba mgongoni. Kanisa linafundisha kinyume chake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati kuhusu Kanisa, sura ya saba, unatukumbusha kwamba sisi tunaosafiri duniani, wale wanaotakaswa, na wale walio katika utukufu ni familia moja katika Kristo. Kifo hakikati undugu huo. Mtu wa familia haogopwi. Huombewa, naye hutuombea.

Ya pili ni uchawi. Mahali pengine vazi la mchawi ni kichekesho. Katika nchi yetu kuna akina mama wazee waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, pengine kwa sababu tu ya macho yaliyokuwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kuni. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya ushirikina. Mzazi Mkristo afikiri mara mbili kabla ya kumvika mwanawe vazi la bibi kizee wa kutisha. Jambo lililowagharimu wengine uhai wao halifai kuwa burudani ya watoto wetu.

Bisi hupasukaje?

Mahindi hayakuzaliwa Afrika. Asili yake ni Meksiko, na Wareno walihusika sana katika kuyaleta barani kwetu baada ya safari zao za karne ya 15 na 16, ingawa jina letu la Kiswahili linayaelekeza kwa Wahindi. Hata hivyo, si kila hindi hutoa bisi. Mahindi ya ugali yakikaangwa huiva na kupasuka kidogo tu, kwa kuwa ganda lake huvujisha mvuke mapema. Ukienda Mbuyuni au soko lingine lolote, omba mahindi ya bisi: punje zake ni ndogo, ngumu na zenye kung'aa.

Ndani ya punje hiyo kuna maji kidogo, kiasi cha asilimia 14 ya uzito wake. Joto linapopanda, maji hayo hugeuka mvuke usio na pa kutokea, na wanga huwa laini kama uji mzito. Joto linapokaribia nyuzi 180 za Selsiasi, ganda hushindwa kuuzuia mvuke, punje hupasuka, na wanga huchanua na kuganda papo hapo kama ua jeupe. Ndiyo maana punje zilizokauka mno hazipasuki. Zihifadhi katika chupa yenye kifuniko, mbali na jua.

Namna ya kupika

Kwa watoto kumi hivi, andaa nusu kikombe cha mahindi ya bisi, vijiko 3 vya chakula vya mafuta ya alizeti, na sufuria kubwa yenye kitako kizito na mfuniko.

1. Weka mafuta na punje 3 tu, kisha funika. Moto uwe wa wastani. Kwenye jiko la mkaa, subiri makaa yatulie, na jikoni pawe na hewa ya kutosha.

2. Punje hizo 3 zikipasuka, mafuta yako tayari. Epua, mimina punje zilizobaki, funika, uhesabu polepole hadi 30. Subira hii huzipa punje zote joto linalolingana, ili zipasuke karibu wakati mmoja.

3. Rudisha jikoni. Tikisa sufuria mara kwa mara, na uache upenyo mdogo kwenye mfuniko ili mvuke utoke. Ukifungiwa, bisi hulegea.

4. Mipasuko ikipungua hadi ukaweza kuhesabu sekunde 2 au 3 kati ya mmoja na mwingine, epua mara moja na umimine kwenye beseni kavu. Chambua punje ngumu zilizosalia chini, maana huvunja meno.

Kwa wanaopenda chumvi, nyunyiza chumvi laini bisi zikiwa bado moto. Kwa mkesha huu, hata hivyo, tutengeneze pia matonge matamu ya rangi mbili.

Matonge meupe na mekundu

Katika Liturujia, nyeupe ni rangi ya watakatifu waliomkiri Kristo kwa maisha yao, na nyekundu ni rangi ya mashahidi waliomwaga damu. Watoto wataonja somo hilo kabla ya kulisikia.

Kwa matonge meupe, changanya katika sufuria ndogo kikombe 1 cha sukari, nusu kikombe cha maji, vijiko 2 vya asali na chumvi kidogo. Chemsha bila kukoroga. Asali huzuia sukari isirudi kuwa chenga. Ili kujua kama shira imeiva, dondosha tone katika bakuli la maji baridi: likikusanyika kuwa gololi inayoshika umbo lake na kubonyea kwa shida, imeiva. Njia hii ya bibi zetu wapika kashata inafaa sana huku mlimani, ambako maji huchemka kwa joto la chini kuliko pwani. Ongeza kijiko 1 cha siagi, mimina juu ya bisi, na ugeuze haraka kwa mwiko. Shira ikipoa kiasi cha kuvumilika mkononi, paka viganja siagi na ufinyange matonge yenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, bila kukandamiza sana.

Kwa matonge mekundu, badala ya maji tumia nusu kikombe cha rozela iliyochemshwa na kuchujwa, na uache asali ili rangi ionekane. Uchachu wa rozela utafanya kazi ileile ya kuzuia chenga. Ukipenda, nyunyiza ufuta juu ya matonge yote. Pishi moja la shira linatosha beseni moja la bisi, hivyo pika mara mbili.

Yako maonyo matatu yasiyopaswa kupuuzwa. Shira ina joto kali kuliko maji yanayochemka, nayo hung'ang'ania ngozi. Watoto wakae mbali mpaka wakati wa kufinyanga. Watoto walio chini ya miaka 4 wasipewe bisi kabisa, kwa kuwa huweza kuingia katika njia ya hewa na kuwakaba. Wapewe ndizi mbivu. Na kabla ya kuongeza karanga, waulize wazazi wa watoto waalikwa kama kuna mwenye mzio nazo.

Jioni yenyewe

Tarehe 31 Oktoba ni siku ya mwisho ya mwezi wa Rozari, na Jumuiya Ndogo Ndogo nyingi huwa tayari zimezoea kukutana kila jioni. Hakuna haja ya kubuni kusanyiko jipya. Baada ya rozari, watoto wabaki. Badala ya mafuvu ya karatasi, pambeni meza kwa maua na majani ya masale, ambayo wazee wetu huyatumia kuomba msamaha na amani. Taa iwe moja, na karibu nayo iwekwe picha ya marehemu wa familia hiyo.

Kila mtoto aje na jina la mtakatifu wake wa ubatizo na jambo moja analolijua kumhusu. Wapo walio karibu nasi: Kizito, kijana mdogo kuliko wenzake miongoni mwa Mashahidi 22 wa Uganda waliotangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, Josefina Bakhita wa Sudan, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000, na Mwenyeheri Anuarite wa Kongo, aliyeuawa mwaka 1964 kwa kulinda nadhiri yake. Anayemtaja shahidi apewe tonge jekundu. Anayemtaja mwingine apewe jeupe. Kisha mtu mzima asome sura ya saba ya Kitabu cha Ufunuo, juu ya umati usiohesabika uliovaa mavazi meupe, somo litakalosikika kanisani kesho yake.

Hapo mzazi anaweza kushika punje moja ngumu na bisi moja, akauliza: ni nani angedhani kwamba hii imetoka katika ile? Mtume Paulo naye alitumia mbegu kuwaeleza Wakorinto ufufuko wa wafu. Mfano wa bisi una mpaka wake, kwa kuwa bisi haioti tena, na mpishi anafanya haraka kile ambacho Mungu hukifanya kwa subira. Lakini mtoto atashika jambo moja la kweli: moto haukuwa mwisho wa punje.

Kutoka mezani hadi kaburini

Karamu hii isiishie kwenye beseni tupu. Kanisa linatoa rehema kamili, kwa ajili ya marehemu walio toharani, kwa mwamini anayezuru makaburi na kuwaombea wafu, hata kwa moyo tu, katika siku za tarehe 1 hadi 8 Novemba. Masharti ni yale ya kawaida: kitubio, Komunyo Takatifu, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na kujitenga na kila mwelekeo wa dhambi. Sisi ambao makaburi yetu yako kihambani hatuna safari ndefu. Washikeni watoto mikono, ng'oeni magugu, mtajeni marehemu kwa jina lake, msali Baba Yetu na Nasadiki.

Mtoto aliyekula tonge la bisi kwa jina la mtakatifu wake, na kesho yake akasali penye kaburi la bibi yake bila woga, ameuelewa Ushirika wa Watakatifu. Yule wa vinyago atapita mlangoni mwake akiomba peremende. Ampe tonge, na amweleze habari njema hii.

Mungu awabariki, na Watakatifu wote watuombee. Marehemu wetu wapumzike kwa amani. Amina.