Waanglikani, Dhambi na Matendo Mema

Katika mtaa wa Saio, huko Bunia, Wakatoliki na Waanglikani ni majirani, na mara nyingine ni watu wa jamaa moja. Basi katekista aweza kuulizwa: «Je, ni kweli kwamba Waanglikani wadharau matendo mema?» Tusijibu upesi kwamba ndiyo. Amri ya Mungu yatukataza kumshuhudia jirani uwongo.

Wanafundisha nini? Kanuni zao 39, zilizothibitishwa Uingereza mwaka 1571, zasema hivi:

1. Dhambi ya asili imemharibu mwanadamu. Kwa nguvu zake mwenyewe hawezi kumrudia Mungu.
2. Twapata haki mbele ya Mungu kwa imani tu, kwa ajili ya mastahili ya Yezu Kristu.
3. Matendo mema hayafuti dhambi. Lakini yampendeza Mungu katika Kristu, nayo huionyesha imani iliyo hai, kama vile mti ujulikanavyo kwa matunda yake.

Aliyeeneza mafundisho yao Ituri ni Apolo Kivebulaya, aliyetoka Uganda akafika Boga mwaka 1896, akafa mwaka 1933. Mtemi Tabaro aliamuru apigwe. Baadaye mtemi huyohuyo akabatizwa. Je, fimbo zile zilimstahilia neema? Hasha! Neema ni zawadi.

Na sisi je? Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, wafundisha vilevile kwamba hakuna awezaye kustahili neema ya kwanza. Lakini waongeza: imani pasipo matumaini na mapendo haitoshi, neema yatugeuza kweli ndani ya roho, na matendo ya mwenye neema yastahili uzima wa milele, kwa kuwa mastahili yetu ni zawadi za Mungu mwenyewe. Tena sisi twasadiki purgatorio, ambayo kanuni yao ya 22 yaikataa.

Mwaka 1987 tume ya Wakatoliki na Waanglikani ilitangaza kwamba wapatana katika mambo makubwa ya wokovu, hata fundisho hili lisiwe tena sababu ya kutengana. Utengano wabaki kwa sababu nyingine.

Basi, ndugu makatekista, tufundishe kweli yote bila kumsingizia mtu. Tena tujichunguze wenyewe. Mkristu anayehesabu rozari na sadaka zake kama deni ambalo Mungu lazima amlipe, huyo hajafahamu bado imani yetu sisi Wakatoliki.