Usaili wa Wataalamu wa Hifadhidata: Kupima Ujuzi au Kumbukumbu?

Makala haya yananuia kufafanua namna ya kupima ujuzi wa mtu anayeomba kazi ya kusimamia hifadhidata, yaani taarifa zilizopangwa ndani ya kompyuta ili zitafutwe na kusahihishwa kwa urahisi. Hifadhidata nyingi hufuata nadharia aliyoitoa Edgar F. Codd mwaka 1970, ambapo taarifa huwekwa katika majedwali yanayohusiana.

Tuchukulie kwamba chama cha akiba na mikopo katika soko la Nyakoe, Kaunti ya Kisii, kinamtafuta mtaalamu wa aina hiyo. Aghalabu wasaili humwuliza msailiwa maana ya istilahi. Mtindo huu una upungufu, kwani aliyekariri daftari usiku kucha hujibu sawa na aliyeifanya kazi kwa miaka mitano. Wahenga walisema, usiandikie mate na wino upo. Msailiwa apewe kompyuta na majedwali mawili madogo: moja la wanachama, jingine la akiba wanazoweka.

Kwanza, aulizwe kila mwanachama atatambulishwa kwa kitu gani. Akijibu kwamba jina latosha, basi haijui Nyakoe. Akina Moraa, Kerubo na Nyaboke ni wengi katika Gusii, na akiba ya mmoja yaweza kuingizwa kwa mwingine. Anayependekeza nambari ya uanachama isiyorudiwa ameelewa jambo la msingi.

Pili, aagizwe kuorodhesha wanachama wote pamoja na jumla ya akiba ya kila mmoja mwezi huo. Hapa pana mtego. Akiyaunganisha majedwali kwa njia ya kawaida ya lugha ya SQL, wasioweka chochote watatoweka katika orodha, ilhali huenda hao ndio katibu anaotaka kuwafuatilia. Mjuzi hutumia muungano unaowabakiza wanachama wote na kuonyesha sufuri palipo pengo.

Tatu, aulizwe: fedha zikihamishwa kutoka akaunti moja hadi nyingine, kisha umeme ukapotea kabla ya kazi kukamilika, itakuwaje? Jibu la kuridhisha ni kwamba kutoa na kuingiza vifungwe pamoja. Vikamilike vyote au vifutwe vyote.

Mwisho, amweleze katibu asiye mtaalamu alichokifanya, kwa Kiswahili au Ekegusii. Tangu Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya sambamba na Kiingereza. Hivyo msailiwa asihukumiwe kwa ufasaha wa Kiingereza pekee. Wala asipunguziwe alama kwa kutumia istilahi ya kigeni asiyoijulia tafsiri. Kinachopimwa ni iwapo katibu ameelewa.

Usaili wa kukariri huwadhulumu watu wawili: kijana hodari asiye na maneno mengi, ambaye hurejea nyumbani bila kazi, na mkulima wa chai au ndizi, ambaye akiba yake hukabidhiwa mtu asiyeweza kuilinda. Maswali manne yaliyotungwa vyema yaweza kuwaokoa wote wawili.