Nyumba Hupambwa kwa Ajili ya Wakaao Ndani

Mwezi huu tumeona yafaa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulidhani dogo, nalo ni namna tupangavyo vyombo ndani ya nyumba zetu. Huenda mtu akauliza: mwalimu wa madrasa ana habari gani na makochi na makabati? Jibu letu ni kwamba jambo hili nusura litupotezee mtoto, na mwenye kuonja ndiye ajuaye uchungu.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Novemba, binti yetu alikuwa akiposwa, na watu wa upande wa bwana harusi walikuwa wakija kutuona hapa Songea. Tukaona haya kuwapokea juu ya mkeka na viti vya mbao. Tukakopa fedha, tukanunua makochi makubwa na kabati refu la vioo. Kabati lilipoletwa halikuenea ukuta wo wote ila ule wenye dirisha la upande wa kaskazini. Tukalisimamisha hapo hapo, tukisema kuwa taa ya umeme ipo, dirisha la nini? Wageni wakaja, wakanywa chai, wakakaa muda wa saa mbili, wakaenda zao. Sisi tukaishi na dirisha lililozibwa kwa miezi minane.

Ukafika mwezi wa Julai. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na baridi ya Juni na Julai kila mkaaji wake anaijua. Usiku mmoja tuliingiza jiko la mkaa sebuleni, tukafunga mlango, na upenyo wa chini tukauziba kwa kitenge kikuukuu. Mjukuu wetu wa miaka sita alikuwa amejilaza juu ya kochi. Bibi yake alipomwita aamke akaswali Isha pamoja nasi, mtoto hakuweza kusimama. Nasi wenyewe vichwa vilikuwa vikigonga, na miguu imelegea kama ya mlevi. Kwa nguvu iliyosalia bibi yake aliusukuma mlango, akamtoa mtoto barazani. Hewa ya nje ilipompata alitapika, kisha akafumbua macho. Tukamkimbiza hospitali, na Alhamdulillahi akapona.

Daktari alitueleza kuwa mkaa uwakao katika chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Huishika damu, hata damu isiweze kuchukua oksijeni mwilini, na aliyelala huenda asiamke tena. Tuliposikia hayo tuliinamisha uso kwa haya. Kwa miaka mingi tumewafundisha watoto hadithi ya nyumba ya Madina iliyowaka moto usiku pamoja na watu wake, na jinsi Mtume s.a.w. alivyoutaja moto kuwa ni adui, akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Tuliwafundisha wengine, wala hatukuisoma kwa ajili ya nyumba yetu wenyewe.

Basi tangu siku ile twaamini kwamba kosa lililo mama wa makosa yote ya nyumbani ni hili: kuipanga nyumba kwa ajili ya jicho la mgeni wa saa mbili, na kuwasahau wanaolala, wanaopika, wanaosoma na wanaoswali humo kila siku. Makosa mengine ni watoto wake, nasi tutayataja machache.

La kwanza ni kuziba dirisha, ama kwa kabati, ama kwa mapazia mazito yasiyofunuliwa asubuhi wala jioni. Dirisha ni pua ya chumba. Na kwetu Songea dirisha la kaskazini lina fadhila zaidi, kwa kuwa tuko kusini ya Ikweta, na katika miezi ya baridi jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Mwenye kulifungua dirisha hilo mchana huupata mwanga na joto bila ya kununua mkaa. Hata hivyo dirisha lisiwe kisingizio cha kuingiza jiko ndani. Jiko la mkaa mahali pake ni nje au katika jiko lenye kupitisha hewa, na baridi ya usiku dawa yake ni mablanketi na nguo nzito.

La pili ni kununua chombo kabla ya kukipima chumba. Twawashauri vijana wanaotaka kuoa wafanye hivi: chukueni chaki, mchore sakafuni ukubwa wa kochi au kitanda mnachokitaka, kisha mpite kando yake mkiwa mmebeba sinia la chakula. Ikiwa hapana budi kupita ubavu ubavu, chombo hicho si cha chumba hicho, hata kikiwa cha mninga safi na seremala akipunguza bei. Waislamu wengi chumba chetu kimoja hutumika kwa kulia, kwa kusomea na kwa kuswalia. Chumba cha namna hiyo hutaka sakafu iliyo wazi, na mkeka unaokunjika hukifaa kuliko kochi lisiloondoka.

La tatu ni kuwasahau wazee na watoto katika njia za usiku. Zulia dogo juu ya sakafu ya saruji iliyosuguliwa huteleza. Meza ya kioo katikati ya chumba humngoja mzee anayeamka gizani kwenda kutia udhu. Njia ya kutoka kitandani mpaka chooni iwe tupu, na iwe na taa ambayo mtu huifikia kabla ya kupiga hatua. Na kuta zikipakwa rangi nyeupe au nyingine iliyo hafifu, hata taa ndogo huangaza zaidi, maana rangi nzito hunywa mwanga.

La nne ni kutojali sitara. Katika Sura ya An-Nur Mwenyezi Mungu ametufundisha kubisha hodi, na ameweka nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani waombe ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya Isha. Lakini mtoto ataombaje ruhusa mahali pasipo na mlango wala pazia? Kadhalika tumeagizwa kuwatenga watoto katika malazi wafikapo miaka kumi. Fedha tuliyoitia katika kabati la vioo ingalitosha kuweka mlango wa chumba cha watoto na vitanda viwili. Huo ndio uliokuwa wajibu, nasi tuliuacha tukaenda kununua pambo.

La tano ni nyumba kukosa mahali pa sala. Kutoka Songea, Makka iko upande wa kaskazini, kwa kuelekea kidogo mashariki. Afadhali ukuta wa upande huo uachwe na nafasi ya kutandika misala mitatu au minne, bila televisheni wala picha mbele ya mwenye kuswali. Na yule anayejenga sasa amwambie fundi mapema kwamba choo kisielekezwe kibla wala kukipa mgongo, kwani kukigeuza baadaye ni kuvunja na kulipa mara mbili.

La sita ni kuiga bila ya kuelewa. Wapo ndugu zetu watazamao nyumba za pwani au za Uarabuni, wakataka zote zifanane nazo. Tazameni mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2001. Vyumba vya nyumba zake za mawe ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zina urefu wake. Kuta ni nene, nazo zilitiwa zidaka za kuwekea vyombo. Mgeni hukaribishwa kwanza katika daka la mlangoni, na njia ya kuingilia hupinda ili apitaye asiwaone wa ndani. Kila kitu pale kiliwekwa kwa sababu: joto, sitara, na miti iliyopatikana. Mwenye kuwaiga kwa haki huiga akili yao, akaangalia baridi ya kwetu, mvua za kwetu na matofali ya kwetu. Rafu moja iliyopigiliwa ukutani huifanya kazi ya kidaka, na sakafu ikabaki wazi.

Wala asidhani mtu kuwa twamdharau mgeni. Mtume s.a.w. alipohesabu malazi ya nyumbani alimtengea mgeni la kwake. Ila kilichozidi haja alikinasibisha na shetani. Mgeni ana haki ya mahali safi, chakula na uso mkunjufu, wala hana haki ya pumzi ya watoto wetu.

Kabati lile tuliliuza, na deni likamalizika baada ya mwaka. Siku hizi asubuhi jua huingia sebuleni, na mjukuu wetu hukaa chini ya dirisha lile lile akidurusu juzuu yake. Wakwe zetu wamekuja mara nyingi tangu hapo, wameketi juu ya mkeka, wala hakuna aliyeuliza kabati limekwenda wapi.

Basi ndugu msomaji, leo kabla ya kulala zunguka nyumbani mwako. Tazama ni dirisha lipi limezibwa, ni njia ipi ina kikwazo, na ni wapi jiko linapolala. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe maskani ya utulivu, na atulindie waliomo ndani. Amin.