Sindano za kuondoa uzee usoni: ipi inafanya nini, na ipi ya kukimbia

Niko Rwamgasa, vumbi kama kawaida.

Juzi dada mmoja anayeosha mchanga mwaloni alinionyesha kwenye simu picha ya mama wa mjini, uso laini kama yai la kuchemsha. Akaniuliza, "Mdogo wangu, hii nayo ni krimu?" Nikamwambia hapana dada, hiyo ni sindano. "Sindano gani?" Hapo nikakwama, maana huku kila kinachochomwa usoni tunakiita Botox. Nikaingia kusoma.

Uso unazeeka kwa njia mbili. Ya kwanza ni mikunjo: ukikunja uso kila siku (na sisi tunaoponda mawe juani bila miwani tunaukunja kweli kweli), ile mistari katikati ya nyusi mwishowe inabaki hata ukiwa umelala. Ya pili ni kupungua kwa mafuta chini ya ngozi, mashavu yanabonyea. Sindano ya tatizo la kwanza haisaidii la pili. Watu wengi wanachanganya hapo.

Botox ni ya mikunjo, na ni sumu. Sitanii. Inatoka kwa bakteria wale wale wanaosababisha botulizimu, ugonjwa unaopoozesha mtu mpaka anashindwa kupumua. Kenya mwaka 1978 watoto wa familia moja waliugua baada ya kula kumbikumbi waliokaa siku kadhaa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Sumu ni hiyo hiyo. Daktari anachoma kiasi kidogo mno, msuli unakosa amri ya neva, unalegea, na ngozi iliyo juu yake inanyooka. Daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco ndiye aliyeanza kuitumia, tena kwa kutibu makengeza. Baadaye Jean Carruthers wa Kanada, naye wa macho, akagundua wagonjwa wake wanapoteza mikunjo ya nyusi. Mumewe Alastair alikuwa daktari wa ngozi, basi wakaendelea nayo pamoja. Marekani iliiruhusu kwa mikunjo hiyo mwaka 2002. Matokeo yanaonekana ndani ya siku chache na yanadumu miezi 3 hadi 4. Baada ya hapo urudi tena na hela zako.

Halafu kuna za kujaza. Zamani ilikuwa kolajeni ya ng'ombe, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981, lakini ilibidi wakupime kwanza mkononi kuona kama mwili unaikataa. Sasa inayotumika sana ni asidi ya hayaluroni, kitu kama ute mzito unaoshika maji. Restylane iliruhusiwa Marekani Desemba 2003. Inakaa kama miezi 6 hadi 18, na uzuri wake ni kwamba ikikosewa kuna dawa ya kuiyeyusha. Ubaya ni kwamba ikiingia kwenye mshipa wa damu inauziba, ngozi inaoza, na wapo waliopofuka. Kwa hiyo ukiona mtu anatoa huduma hiyo nyuma ya saluni, ondoka.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Inaitwa Sculptra. Yenyewe haijazi moja kwa moja, inauchokoza mwili utengeneze kolajeni yake, taratibu kwa miezi. Mwaka 2004 Marekani waliiruhusu, na siyo kwa ajili ya mastaa. Ilikuwa kwa watu wanaoishi na VVU waliobonyea mashavu.

Wakubwa wanakumbuka. ARV za bure zilipoanza kusambaa nchini kuanzia 2004, kwenye mchanganyiko kulikuwa na stavudini. Iliokoa maisha, hilo halina ubishi. Lakini ilikuwa inakula mafuta ya uso. Mtu amepona, ana nguvu, anashuka duarani kama wenzake, ila mashavu yameingia ndani na mifupa imetokeza. Hajamwambia mtu, uso umeshamsemea. Na kwenye machimbo, ambako kila mtu ni mgeni na maneno yanatembea kuliko pikipiki, mtu akishaogopa kujulikana, kuacha dawa ni hatua moja tu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi ziachane na stavudini, na vidonge vya sasa haviharibu uso namna hiyo. Uingereza kuna kliniki zilizokuwa zinawachoma wagonjwa wao bure kurudisha mashavu. Kwetu tiba ilikuwa kubadilishiwa kidonge, na mafuta yaliyokwisha kuondoka yanarudi kidogo na polepole. Kwa hiyo anayesema sindano hizi zote ni za matajiri kujiremba, mimi simuungi mkono.

Za kukimbia sasa. Silikoni ya maji: haiyeyuki, inahama, inaota vinundu hata baada ya miaka. Sindano za glutathayoni za kung'arisha ngozi: hazina uhusiano na mikunjo, na Ufilipino walitoa onyo mwaka 2011 kuhusu kuzichoma kwa ajili ya weupe. Na zile krimu za kujichubua, nyingine zina zebaki, ambayo imepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Zebaki ile ile tunayochomea dhahabu hapa! Kijiji chetu kilishafanyiwa utafiti wa zebaki chini ya UNIDO miaka ya 2000, halafu mtu atoe hela yake mwenyewe aipake usoni?

Nilimweleza dada yangu yote haya. Nikamwambia kwa mikunjo ya jua aanze na kofia pana, akacheka sana. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo ya mashavu ilikuwepo kweli?" Nikasema ndiyo. Akakaa kimya kidogo, akaniambia kaka yake aliacha vidonge mwaka 2007 sababu ya mashavu. Hakuumaliza mwaka uliofuata.

Mwenye swali aliweke hapo chini.