Cheo Kikubwa Hakitolewi na Mtu Mmoja

Yafaa kila akaaye Tena, kama Mkenya yeyote, ajue jinsi wakubwa wa Serikali wanavyowekwa. Mnamo Januari 2011 Rais Kibaki alimteua Jaji Alnashir Visram awe Jaji Mkuu. Mahakama Kuu ikaamua ya kuwa Katiba haikufuatwa, na jina likaondolewa, ijapokuwa lawama ilikuwa juu ya njia, si juu ya mtu. Ndipo Tume ya Utumishi wa Mahakama ilipowahoji waombaji hadharani. Bunge likakubali, na mwezi Juni Bwana Willy Mutunga akaapishwa. Tangu mwaka ule sheria humruhusu mtu yeyote kumpelekea Karani wa Bunge ushahidi wa kiapo dhidi ya mteuliwa asiyefaa. Basi, ndugu msomaji, ukiwa na yakini, usinong'one barazani, andika.