Jo, mwanamke ndani ya picha za Hopper

Ukikutana na mchoro wa Edward Hopper wenye mwanamke ndani yake, mara nyingi unamtazama mkewe, Jo. Mama huyu naye alikuwa mchoraji, tena ndiye aliyemtoa jamaa!

Mwaka 1923 Josephine Nivison alialikwa kuonyesha kazi zake kwenye Jumba la Makumbusho la Brooklyn, New York. Akawaambia wamchukue na Hopper. Wakakubali, na jumba likanunua picha yake moja kwa dola 100. Mara ya mwisho kuuza mchoro ilikuwa 1913.

1924 wakaoana, wote wakiwa na miaka 41. Jo akawa modeli wake, mtunza kumbukumbu zake na msukuma gurudumu kila alipokwama. Hata dada wa gauni jekundu kwenye Nighthawks ya 1942 ni yeye. Hopper akapaa, Jo akafifia. Mume hakuithamini kazi ya mkewe, na shajara za Jo zinasimulia ugomvi uliofika hadi kupigana.

Hata hivyo walidumu zaidi ya miaka 40. Mchoro wa mwisho wa Hopper, wa 1966, unaonyesha wachekeshaji wawili, mwanamume na mwanamke, wameshikana mikono wakiaga jukwaani. Yeye alifariki 1967, Jo akamfuata 1968.

Je, kwenu nani kaweka ndoto yake kabatini ili mwenzake ang'are? Muulizane leo. Kuchorwa kwenye picha ya mwenzako si sawa na kushika brashi yako mwenyewe.